Nyumba yenye samani Nyali: tathmini ya mpangaji aliyeishi humo kaskazi na kusi

Nyumba ninayoitathmini ina vyumba viwili vya kulala, na iko ghorofa ya nne katika jengo la makazi la Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa ukishavuka daraja. Hukodishwa ikiwa na samani zote, na tangazo lake huwalenga wageni wanaokuja kikazi au kupumzika kwa muda mrefu: wahandisi, wafanyakazi wa mashirika, walimu wa shule za kimataifa na wazee wa Kizungu waliostaafu. Mimi nilitoka Arusha kwa mkataba wa kazi, nalipwa kwa shilingi za Kenya, na nimeishi humo msimu wa kaskazi na msimu wa kusi. Jina la jengo na la wakala sitayataja, kwa sababu ninayoyaeleza yatamfaa yeyote anayetafuta nyumba ya aina hii kuanzia Nyali hadi Bamburi na Shanzu. Kodi niliyolipa ni shilingi 85,000 kwa mwezi, pamoja na amana ya mwezi mmoja. Hukumu yangu ni kwamba nyumba ni nzuri, kodi yake imezidi kidogo, na gharama ya kuishi humo haisomeki popote katika tangazo, kwani inaamuliwa na upepo na maji, mambo ambayo wakala hakuyataja hata mara moja alipokuwa akinionyesha meza ya kioo na televisheni kubwa ya sebuleni.

Nianze na upepo, kwa kuwa ndio uliokula pesa zangu nyingi zaidi. Pwani hii ina pepo mbili kuu: kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, inayovuma kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba. Zote mbili hufika kutoka baharini, upande wa mashariki. Maana yake ni kwamba chumba chenye dirisha la mashariki hupata hewa karibu mwaka mzima, na chumba chenye dirisha la magharibi pekee hupata jua la alasiri na joto linalobaki ukutani mpaka usiku wa manane. Katika nyumba hii chumba kikubwa cha kulala kinatazama mashariki na cha pili kinatazama magharibi. Tofauti yao ni kubwa kiasi kwamba wageni wangu waliolala chumba cha pili mwezi wa Februari waliomba kuhamia sebuleni.

Hata chumba kizuri kinanyimwa sehemu ya upepo wake. Madirisha yote ni ya vioo vya kuteleza, yaani kioo kimoja husukumwa juu ya kingine, hivyo hata ukifungua mpaka mwisho ni nusu tu ya uwazi inayopitisha hewa. Juu ya milango ya ndani hakuna matundu, na ukuta wa jikoni umeziba kabisa upande ambao hewa ingetokea. Upepo unaingia, unakosa pa kutokea, unasimama. Anayetaka kuona jinsi jambo hili lilivyotatuliwa zamani atembee Mji wa Kale adhuhuri: kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ndefu zilizoshikwa na boriti za mikoko, matundu juu ya milango, na vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Waliozijenga nyumba zile hawakuwa na waya wa umeme wa kuwaokoa, kwa hiyo walilazimika kuuheshimu upepo. Inasikitisha kwamba jengo jipya, lenye fedha na mafundi, limejengwa kana kwamba halipo pwani.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili, mama mtu mzima aliyezaliwa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, alikuja kunikaribisha na sahani ya vitumbua. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, akaenda moja kwa moja hadi dirishani, akalifungua, akasimama hapo kidogo. "Mwanangu," akaniambia, "chumba hichi kina upepo, lala hapa. Kile kingine weka masanduku." Nilimfuata ushauri wake na ninamshukuru hadi leo, kwani ulinipunguzia gharama kuliko punguzo lolote ambalo wakala angenipa.

Sasa hesabu ya umeme. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba cha kulala, kinapofanya kazi kwa nguvu zake zote, hutumia takriban kilowati moja. Ukikiwasha saa nane za usiku utakaribia yuniti nane, kwani yuniti moja ni kilowati moja ikitumika saa nzima. Feni ya dari hutumia wati 60 hadi 75, kwa hiyo usiku huohuo hula yuniti nusu hivi. Kwa mtumiaji wa kiwango changu yuniti moja, ikishajumlishwa kodi na tozo zote, imekuwa ikinigharimu karibu shilingi 30. Kwa hiyo usiku mmoja wa kiyoyozi ni shilingi 240 na usiku mmoja wa feni ni shilingi 15. Katika miezi ya kusi, nilipolala kwa feni na madirisha wazi, nilinunua tokeni, yaani umeme wa kulipia kabla, za shilingi 3,500 kwa mwezi, nyingi zikiliwa na jokofu, pasi na mashine ya kufulia. Februari na Machi, joto la mchana lilipopita nyuzi 32 na usiku haukupoa, nililipa zaidi ya 12,000. Mgeni anayeletewa nyumba hii mwezi wa Julai, Mombasa ikiwa katika ubora wake, aelewe kwamba anaonyeshwa nyumba ya bei nafuu ambayo baada ya miezi michache itageuka kuwa ya bei ghali bila kodi kupanda hata shilingi.

Ni vyema pia kuisoma meseji ya tokeni kwa makini, jambo ambalo wageni wengi hawalifanyi. Ukishalipa kwa M-Pesa hufika tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, na pamoja nazo mchanganuo: kiasi cha umeme wenyewe, kodi ya VAT ya asilimia 16, gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya usambazaji wa umeme vijijini na nyinginezo. Bei ya yuniti nayo hufuata matumizi: wako wanaotumia yuniti 30 au chini yake, wako wa kati hadi 100, na wako wanaozidi 100, ambao hulipa bei ya juu zaidi. Mwenye viyoyozi yuko katika kundi hili la mwisho bila shaka yoyote. Ninaipa nyumba hii sifa moja kubwa hapa, nayo ni kwamba mita yake ni ya Kenya Power yenyewe, kampuni ya umeme ya nchi. Majengo mengi ya kupanga huwekewa mita ndogo za binafsi ambazo tokeni zake huuzwa na kampuni nyingine, ikiongeza ada yake juu. Mpangaji atakuta ananunua umeme uleule kwa bei tofauti na jirani wa jengo la pili. Kabla ya kutia saini, uliza mita ni ya nani.

Jenereta ipo, na tangazo linaitaja kwa fahari. Inaendesha lifti, taa za ngazi na pampu ya maji. Haiwashi chochote ndani ya nyumba yako.

Suala la maji linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa mgeni huliona limekamilika pale tu anapofungua bomba na kuona maji yanatoka. Mombasa haina mto wala ziwa lake la maji matamu. Maji ya mfereji husafirishwa kutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, umbali wa zaidi ya kilomita 200, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na Marere na Tiwi upande wa Kwale. Hayatoshi mji, kwa hiyo huja kwa zamu, na majengo ya Nyali hujazia pengo kwa kisima. Ardhi hapa ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, maji ya bahari hupenya chini kwa chini, na kisima kinapovutwa sana chumvi huongezeka. Jengo hili lina matangi mawili yaliyotenganishwa, moja la maji ya mfereji linalolisha bomba moja la jikoni, na jingine la kisima linalolisha bafu, choo na mashine ya kufulia. Mpango huo ni wa busara, na nimeona majengo ya kodi kubwa kuliko hii ambayo hayanao.

Hata hivyo maji ya kisima yana gharama yake, nayo humfikia mpangaji polepole. Sabuni haitoi povu, hivyo unatumia nyingi zaidi. Shuka nyeupe nilizokuja nazo kutoka nyumbani zimekuwa na rangi ya majivu. Matundu ya shawa yalikuwa yakizibwa na ukoko mweupe, ambao niliutoa kwa kuiloweka katika siki usiku kucha; ukoko huohuo ulikishika kipashio cha mashine ya kufulia, yaani chuma kinachopasha maji moto, na fundi wa Kongowea aliyekibadilisha alinionyesha kilivyovimba kwa chokaa hadi chuma chake hakionekani. Bei ya kipashio na ufundi ilikuwa shilingi 4,500, na wakala alisema ni juu ya mpangaji, akinionyesha kifungu cha mkataba kinachosema uharibifu wa matumizi ni wa mpangaji. Siafiki tafsiri hiyo. Mashine iliharibiwa na maji ambayo mwenye nyumba ndiye aliyechagua kuyaunganisha nayo, na mpangaji hana njia nyingine ya kufua.

Maji ya mfereji yanapochelewa, jengo huagiza bauza, yaani lori la tangi la maji, la lita 10,000 na gharama hugawanywa kwa kila nyumba. Mgawanyo huo ni wa sawa kwa sawa, anayeishi peke yake na familia ya watu sita. Ya kunywa nilinunua kwa mtungi wa lita 20, shilingi 150 kila ninapojaziwa dukani karibu na lango, na kijana wa bodaboda huupandisha hadi mlangoni kwa nyongeza ndogo. Kwa mtu mmoja hilo ni jambo dogo. Kwa wenye watoto ni kipengele cha bajeti kinachostahili mstari wake.

Hewa yenyewe ina chumvi, na hili mgeni wa bara hulijua akichelewa. Bawaba za kabati zimeota kutu, pasi imeota kutu, hata vifungo vya kanzu niliyoitundika karibu na dirisha viliacha alama. Viyoyozi vinahitaji kusafishwa na kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu au minne, la sivyo sehemu ya nje huliwa. Mkataba unamtaka mpangaji alipie kazi hiyo, na mimi nililipa shilingi 2,500 kwa kila kiyoyozi kwa kila zamu. Nyumba ina viyoyozi vitatu. Mtu afanye hesabu.

Samani ni nzuri, na sina manung'uniko makubwa juu yake. Kitanda ni cha mvule, godoro ni gumu la kutosha, neti ya mbu ni ya mraba na haina tundu. Milango ya kibarazani ndiyo iliyokosa nyavu, kwa hiyo jioni inabidi uchague kati ya upepo na mbu. Jikoni kuna mashine ya kubanikia mkate, bilauri za mvinyo za namna tatu na sufuria za kisasa zinazong'aa, lakini hakuna mbuzi ya nazi, hakuna kinu, hakuna hata chungio la tui. Aliyepanga jikoni lile alimwaza mgeni atakayekula hotelini na kununua chakula kilichofungwa kwenye supamaketi, na huo ndio ulaji unaowafanya wageni wengi waseme Mombasa ni ghali. Jibini ya kutoka Ulaya, nafaka za boksi na tufaha za kutoka nje ni ghali kweli, kama zilivyo ghali Arusha. Soko la Kongowea liko dakika chache kwa tuktuk, nalo ndilo soko kubwa la jumla la mji huu: mchicha, mchunga, muhogo, nazi, ndizi, na maembe ya kila aina msimu unapofika. Asubuhi ndani ya mtaa akina mama huuza mahamri na mbaazi za nazi, na mtu hushiba kwa fedha ambayo katika mkahawa wa ufukweni haitoshi kikombe kimoja cha kahawa. Nilinunua mbuzi yangu mwenyewe katika soko la Marikiti, na tangu hapo matumizi yangu ya chakula yalishuka hadi chini ya nilivyokuwa nikitumia nyumbani. Ningeomba mwenye nyumba aongeze vifaa hivyo, kwani havigharimu hata bei ya bilauri zile.

Ada ya huduma ni shilingi 6,000 kwa mwezi, nayo haimo katika kodi inayotangazwa. Hulipia walinzi, usafi wa ngazi, taka na bwawa la kuogelea. Walinzi ni waangalifu na wenye adabu. Bwawa ni safi.

Kuna kifurushi cha hiari ambacho wakala huwapa wageni, cha dada wa kusafisha na kufua siku zote za kazi kwa bei iliyoonekana kuwa ndogo mno. Niliuliza dada huyo analipwa kiasi gani na sikupewa jibu la wazi, kwa hiyo sikukichukua. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu wageni wengi hufurahia unafuu wa kuajiri msaidizi wa nyumbani katika nchi za joto bila kujua sheria inasema nini. Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikuu ya Kenya, Mombasa ikiwemo, kiliwekwa kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba, na mwajiri ana wajibu wa kuwasilisha michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, bima ya afya ya SHIF na tozo ya nyumba. Anayepanga bajeti ya kuishi Nyali na kuweka hapo shilingi elfu nane anapanga kumpunja mtu. Mimi niliafikiana moja kwa moja na dada mmoja wa Kisauni anayekuja siku mbili kwa wiki, tukakubaliana malipo ya siku na nauli juu yake, na kazi yake imekuwa ya kuaminika kuliko chochote ambacho kifurushi kingeniletea.

Jambo la mwisho ni sarafu ya mkataba. Nilipewa karatasi yenye kodi kwa dola, na nikaomba iandikwe kwa shilingi kabla sijaweka saini. Wanaosita kuomba hivyo wakumbuke yaliyotokea mwaka 2024: Januari dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikashuka hadi 130 hivi. Anayelipwa dola na kulipa kodi kwa shilingi aliona mshahara wake ukipungua nguvu kwa ghafla. Anayelipwa shilingi na kulipa kodi kwa dola alikuwa ameumia kabla ya hapo, shilingi ilipokuwa ikiporomoka mwaka 2023. Salama ni kodi iandikwe kwa sarafu unayolipwa. Mkataba uwe wa mwaka mzima pia, kwani wenye mikataba ya miezi mitatu hujikuta wakidaiwa bei ya msimu Desemba na Pasaka, nyumba hizihizi zinapogeuzwa za watalii.

Nikijumlisha kodi, ada ya huduma, umeme, maji, viyoyozi na intaneti, nyumba iliyotangazwa kwa 85,000 ilinigharimu karibu 100,000 katika miezi ya kusi na karibu 110,000 katika miezi ya kaskazi. Kwa wawili wanaogawana, mmoja akikubali chumba cha magharibi kwa kodi ndogo zaidi, inafaa. Kwa familia yenye watoto wadogo ningeshauri watafute nyumba ya chini yenye ua na miti, hata kama samani zake ni chache, mradi madirisha yake yatazame bahari na kisima chake kionjwe kabla ya kulipa amana.

Mkataba wangu unaisha karibuni na nimeomba kuuhuisha kwa masharti matatu: usafishaji wa viyoyozi uwe wa mwenye nyumba, milango ya kibarazani itiwe nyavu, na gharama ya bauza igawanywe kwa idadi ya watu. Wakala amekubali la kwanza na la pili kwa maandishi, na nyavu zimeshapimwa. La tatu anasema linahitaji kikao cha wapangaji wote, na kikao hicho nimekiitisha Jumamosi ijayo baada ya alasiri, kwa yule mama wa ghorofa ya pili.